Malale nchini Kongo: Historia ya ugonjwa unaorudi ukiachwa kutafutwa

0. Utangulizi

Katika somo letu la uundaji wa maneno tuliwapa wanafunzi orodha ya majina yanayotokana na vitenzi, na humo lilikuwamo neno malale. Wote walitambua kwamba linatokana na kulala. Mmoja wao, mzaliwa wa Maniema, akauliza swali lililotoka nje ya somo: je, ugonjwa huo bado upo, au umebaki katika kamusi tu? Hatukuweza kumjibu kwa sentensi moja. Makala haya ni jibu letu kwake, na kwa wengine wanaolitumia neno bila kujua historia inayofuatana nalo.

Malale ni miongoni mwa magonjwa ambayo Shirika la Afya Duniani huyaita magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa, pamoja na kichocho, matende, ukoma, upofu wa mtoni na mengineyo. Tukiliangalia neno «yaliyosahauliwa», swali linakuja lenyewe: yamesahauliwa na nani? Mgonjwa hausahau ugonjwa wake. Wanaosahau ni wale wenye fedha, maabara na magari. Katika Kongo historia ya malale ni historia ya kukumbuka na kusahau kwa zamu. Hoja yetu ni kwamba, kwa zaidi ya miaka 100, malale yalipungua kila mara watu walipokwenda vijijini kuyatafuta, na yalirudi kila mara kazi hiyo ilipoachwa. Dawa ilisaidia sana, lakini dawa peke yake haikutosha. Tutaonyesha pia kwamba namna ya kutafuta ina uzito sawa na kutafuta kwenyewe.

1. Jina na jambo lenyewe

Kiswahili hakiko peke yake katika kuuita ugonjwa huu kwa usingizi. Kikongo husema manimba, neno lenye maana ya kusinzia. Lingala hutumia mpongi, yaani usingizi. Lugha tatu za taifa letu zimeona jambo moja.

Tukirudi kwenye umbo la neno la Kiswahili, tunakuta mzizi -lal-, kiambishi awali ma- na irabu ya mwisho -e. Irabu hiyo tunaifahamu katika majina mengine: mtume ni yule aliyetumwa, kiumbe ni kile kilichoumbwa, mteule ni yule aliyeteuliwa. Mara nyingi hudokeza kutendwa wala si kutenda. Kama dokezo hilo linafaa hapa, basi malale si usingizi ambao mtu anaulala bali ni usingizi unaomlaza mtu. Tunalitoa wazo hili kama pendekezo tu. Wenzetu wa isimu watalipima.

Hata hivyo jina hilo linaficha jambo moja kubwa. Usingizi ni dalili ya mwisho. Ugonjwa huletwa na kijidudu kiitwacho tripanosoma, ambacho huingizwa mwilini na mbung'o anapomuuma mtu. Katika Kongo aina inayowapata watu ni ile ya gambiense, ambayo huenda polepole. Kwa miezi mingi, pengine miaka, kijidudu hukaa katika damu na katika tezi. Mtu hupata homa ya kuja na kuondoka, kichwa kinamuuma, anawashwa, tezi za shingo zinavimba, naye anaendelea kulima na kuvua. Baadaye kijidudu huingia katika ubongo. Hapo ndipo usingizi unapogeuka: mgonjwa husinzia mchana na kukesha usiku, akili inavurugika, tabia inabadilika kiasi kwamba jamaa hudhani amerogwa au amepatwa na wazimu. Asipotibiwa, kwa kawaida hufa.

Ndiyo kusema, anayengoja kuona usingizi ndipo autambue ugonjwa amekwisha chelewa. Methali yetu inasema mficha maradhi kifo humfichua. Lakini hapa mgonjwa hafichi kitu, ni maradhi yenyewe yanayojificha. Kutokana na hali hii, hospitali inayongoja wagonjwa waje wenyewe itawapata wachache, na wengi wao watakuwa katika hatua ya mwisho. Wakati huo huo wale wasiojijua wanaumwa na mbung'o kila siku penye kivuko na kisima, na mbung'o huyo huwapelekea wengine. Jambo hili moja linaeleza sehemu kubwa ya historia inayofuata.

2. Safari iliyoishia Kasongo (1903–1905)

Malale yalijulikana Afrika kabla ya ukoloni. Lakini kati ya mwaka 1896 na 1906 mlipuko mkubwa uliipiga hasa Uganda na bonde la Kongo, na makadirio ya waliokufa yanafika mamia ya maelfu. Itakumbukwa kwamba miaka hiyo ilikuwa ya Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold II: miaka ya mpira wa msituni, ya upagazi wa lazima, ya askari na meli za mtoni. Watu walihamishwa kwa nguvu, mashamba yakaachwa, njaa ikaingia, na vijiji vikakimbilia mahali ambapo mbung'o wengi walikuwa wakingoja. Kijidudu hakikuletwa na wakoloni, lakini njia zake za kusafiria zilipanuliwa nao.

Sayansi nayo ilikuwa ikienda mbio. Mwaka 1902, Joseph Everett Dutton wa Shule ya Tiba ya Kitropiki ya Liverpool alikitambua kijidudu hicho kutokana na damu ya mgonjwa wa Gambia. Mnamo 1902 na 1903, huko Entebbe, Aldo Castellani alikiona katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa wa malale, na David Bruce akaonyesha kwamba mbung'o ndiye anayekibeba.

Mwaka 1903 Shule ya Liverpool ilituma ujumbe Kongo kwa makubaliano na Leopold. Wajumbe walikuwa Dutton, John Todd na Cuthbert Christy. Walipanda mto kutoka pwani, wakipima watu kituo kwa kituo. Walijifunza kwamba tezi za shingo zilizovimba zinaweza kumwonyesha mgonjwa kabla ya usingizi kuja: kidole cha mganga kiligundua yale ambayo jicho halikuyaona. Ugunduzi huo mdogo, usiohitaji chombo chochote, ulitumika miaka mingi baadaye.

Safari yao ilifika Stanleyville, leo Kisangani, kisha ikaendelea hadi Kasongo. Msomaji wa jarida hili anaujua mji huo kwa sababu nyingine: ni kutoka huko, tangu siku za Tippu Tip na Waungwana, kwamba Kiswahili kilienea katika Maniema. Njia zile zile zilizobeba lugha, yaani njia za misafara, masoko na kambi, ndizo zilizobeba pia maradhi. Katika safari hiyo Dutton na Todd walichunguza pia homa ya papasi, ambaye sehemu kadhaa za Kongo humwita kimputu, na wakaonyesha kwamba kupe huyo ndiye anayeipitisha. Wote wawili waliugua homa hiyo. Todd alipona. Dutton alifia Kasongo tarehe 27 Februari 1905, akiwa bado kijana. Kijidudu cha homa hiyo hadi leo kina jina lake.

3. Lazareti na pasi (kuanzia 1906)

Ushauri uliotokana na safari hiyo ulikuwa rahisi kuusema na mgumu kuuvumilia: kutenga wagonjwa na kuzuia mwendo wa watu, ili sehemu safi zibaki safi. Ndipo zilipojengwa lazareti, makambi ya kuwatenga wagonjwa. Mwaka 1910 serikali ya kikoloni ilidai pasi ya kiganga kwa Mwafrika aliyetaka kusafiri. Katika bonde la Luapula na Ziwa Mweru, ambako mpaka uligawa ukoo mmoja kati ya Kongo na Rhodesia ya Kaskazini, vijiji viliondolewa kandokando ya maji na uvuvi ukazuiwa. Watu walipoteza samaki, mashamba na makaburi ya wazee wao.

Dawa iliyokuwepo ilikuwa Atoxyl, dawa ya aseniki. Iliwapa nafuu wagonjwa wa mwanzo, lakini haikuwafaa wale ambao ubongo wao umekwisha shikwa, na baadhi ya waliodungwa walipofuka. Tuufikirie mtazamo wa mwanakijiji: anachukuliwa mtu anayejiona mzima, kwa sababu tu ana tezi shingoni, anapelekwa kambini chini ya ulinzi wa askari, anadungwa sindano, wengine wanapofuka, wengi hawarudi. Si ajabu kwamba watu waliita lazareti mahali pa kufia, wakawaficha jamaa zao msituni. Wagonjwa walitoroka, na katika baadhi ya makambi waliasi.

Hatuwezi kusema kwamba watu walikimbia kwa ujinga. Walikimbia kwa hesabu. Wakati huo lazareti ilikuwa na madhara yanayoonekana na faida isiyoonekana. Na kila aliyekimbia alikwenda na kijidudu chake.

Hata hivyo utafiti haukusimama. Kuanzia Oktoba 1910 hadi Septemba 1912 ujumbe wa kisayansi ulioongozwa na daktari Jérôme Rodhain ulifanya kazi Katanga, ukichunguza wagonjwa, mbung'o na wanyama. Ilianza kueleweka kwamba kumtenga mgonjwa hapa na pale ni sawa na kuteka maji kwa pakacha. Ilibidi njia nyingine.

4. Vikosi vya kutembea (1918–1960)

Njia hiyo ilijaribiwa Kwango kuanzia mwaka 1918, chini ya daktari Jacques Schwetz. Badala ya kumleta mgonjwa kwa daktari, daktari na wauguzi walikwenda kijijini, wakaita watu wote kwa majina ya orodha ya kodi, wakampima kila mmoja, na wakaanza kutibu papo hapo. Kumtibu mgonjwa kulikuwa pia ni kumwondolea mbung'o chakula chenye sumu: damu iliyosafishwa haiambukizi.

Muda mfupi baadaye ilifika dawa yenye nguvu zaidi. Mwaka 1920 daktari Louise Pearce wa Taasisi ya Rockefeller ya New York alikuja Léopoldville na kuijaribu triparsamidi, ambayo, tofauti na Atoxyl, iliweza kuufikia ubongo. Nayo ilikuwa ya aseniki, nayo ilihatarisha macho, lakini iliwaokoa watu ambao hapo awali walihesabiwa kuwa wafu. Mwaka 1930 uliundwa mfuko ulioitwa FOREAMI, kwa jina la Malkia Elisabeth wa Ubelgiji, ambao ulianza katika Kongo ya Chini, na lengo lake lilikuwa kufunika wilaya nzima kwa huduma ya matibabu.

Siku ya kikosi ilifahamika kijijini kwa mpangilio wake. Tarumbeta au ngoma ililia asubuhi. Watu walipanga mistari. Muuguzi wa kwanza aligusa shingo. Aliyekuwa na tezi alitobolewa kwa sindano, na maji yake yakatazamwa katika darubini na muuguzi wa pili. Aliyekutwa na kijidudu alitobolewa mgongo, ili ijulikane kama ubongo umeguswa. Sindano hiyo ya mgongo ndiyo iliyoogopwa kuliko zote. Kwa sehemu kubwa waliofanya kazi hii walikuwa wauguzi Wakongo, ambao majina yao hayamo katika vichwa vya ripoti.

Matokeo yake hayabishaniwi. Mamilioni ya watu walipimwa kila mwaka. Mwaka 1930 wagonjwa wapya waliorekodiwa Kongo walizidi 30,000. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950 walikuwa wamepungua hadi takriban 1,000 kwa mwaka. Na yafaa kukumbuka kwamba kipindi hicho chote dawa zilikuwa mbaya. Kilichoufanya ugonjwa urudi nyuma ni kwamba karibu kila mtu alipimwa, tena na tena, miaka mfululizo.

Lakini kazi hiyo njema ilifanywa kwa lugha ya amri. Asiyekuja kwenye mstari aliadhibiwa. Orodha ya kupima na orodha ya kodi ilikuwa moja, kwa hiyo aliyekimbia kodi alikimbia pia matibabu. Katika miaka ya 1940 na 1950 watu wazima wa afya walidungwa pentamidini wakiambiwa itawakinga, na mamilioni ya sindano kama hizo zilitolewa katika Afrika ya kati, kabla ya wataalamu kuona kwamba kinga hiyo haikuwa kama ilivyodhaniwa na ilikuwa na hatari zake. Hakuna aliyewauliza wenye mikono hiyo kama wanataka. Urithi wa kipindi hiki una pande mbili, na mwanahistoria mwaminifu hana ruhusa ya kuchagua upande mmoja.

5. Malale yanarudi (1960–1998)

Mwaka 1960, Kongo ilipopata uhuru, madaktari wengi Wabelgiji waliondoka kwa ghafula. Chuo Kikuu cha Lovanium kilikuwa bado hakijatoa daktari wake wa kwanza. Waliobaki ni wauguzi na wasaidizi wa madaktari, ambao baadhi yao walipelekwa Ufaransa kumalizia masomo. Yakafuata maasi ya miaka ya 1963 hadi 1965 katika Kwilu na mashariki. Vikosi vilikosa magari, mafuta, darubini na usalama. Ugonjwa uliokuwa umebakia chembe chembe ukaanza kuota tena.

Hapa tunapenda msomaji atazame hila moja ya takwimu. Kikosi kisipotembea, wagonjwa wapya wanapungua katika daftari, kwa kuwa hakuna anayewaandika. Namba ndogo ina maana mbili: ama wagonjwa ni wachache, ama watafutaji ni wachache. Anayesoma namba bila kuuliza ni watu wangapi waliopimwa anaweza kushangilia siku ambayo alipaswa kulia.

Katika Zaire ya miaka ya 1970 na 1980 kazi ilifufuliwa kwa kiasi fulani, hasa kwa msaada wa Ubelgiji. Mwaka 1978 watafiti wa Antwerp walitoa kipimo cha damu kilichorahisisha uchunguzi: tone moja kwenye kadi, na jibu baada ya dakika chache. Lakini kazi hiyo ilisimama juu ya mguu mmoja wa kigeni. Mguu huo ulikatika mwaka 1990, na sababu yake inatuhusu sisi wa chuo kikuu kuliko wengine. Mwezi Mei 1990 wanafunzi waliuawa katika kampasi ya Lubumbashi. Baada ya hapo Ubelgiji ilisimamisha ushirikiano wake na serikali ya Mobutu, na programu ya malale ikapoteza fedha nyingi. Wale waliopiga usiku ule hawakumfikiria mvuvi wa Kwilu au mkulima wa Kasai. Hata hivyo walimfikia pia.

Upimaji ulipungua mara moja. Wagonjwa walionekana baadaye: mwaka 1994 waliorekodiwa walikaribia 20,000, na mwaka 1998 walikuwa 26,318. Mwaka huo huo, kwa Afrika nzima, wagonjwa waliorekodiwa walikaribia 40,000, na Shirika la Afya Duniani likakadiria kwamba wengine 300,000 hivi hawakuonekana na mtu. Baada ya karibu miaka 40 nchi ilikuwa imerudi mahali ilipokuwa mnamo 1930. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wasema wahenga.

6. Kutoka aseniki hadi kidonge

Mgonjwa wa miaka hiyo ya 1990 aliyefika katika hatua ya mwisho alitibiwa kwa melasoproli, dawa iliyotolewa mwaka 1949 na Ernst Friedheim wa Uswisi. Nayo ni ya aseniki. Iliunguza mshipa ilipoingia, na ilibidi bomba la sindano liwe la kioo, maana iliyeyusha plastiki. Iliokoa wengi, lakini takriban mgonjwa 1 kati ya 20 aliuawa na dawa yenyewe. Muuguzi aliyeidunga alijua jambo hilo, na mara nyingi familia nayo ilijua.

Dawa nzuri zaidi ilikuwapo. Efloniithini iliidhinishwa Marekani mwaka 1990 kwa ugonjwa huu, na wagonjwa waliokuwa hawajitambui waliamka. Lakini wenye malale hawana fedha, kwa hiyo kiwanda kiliacha kuitengeneza kwa ajili yao. Ikaonekana tena kwa njia isiyotarajiwa: kama mafuta ya kupunguza nywele usoni mwa wanawake, yaliyoidhinishwa Marekani mwaka 2000. Madaktari Wasio na Mipaka na Shirika la Afya Duniani walipaza sauti, na mwaka 2001 yakafikiwa makubaliano kwamba dawa itolewe bure. Atakayeuliza maana ya neno «yaliyosahauliwa» atapata jibu lake hapa.

Tangu hapo mambo yamekwenda haraka. Mwaka 2009 eflonithini iliunganishwa na nifutimoksi: badala ya kutundikiwa dawa mara 56, mgonjwa alitundikiwa mara 14 na kumeza vidonge. Kisha ikaja feksinidazoli, dawa ambayo kampuni ya Ujerumani iliichunguza zamani na kuiacha, nalo shirika la DNDi likaiokota mwaka 2005. Ilijaribiwa hasa hapa Kongo, katika hospitali za vijijini zilizopelekewa umeme na maabara, na utafiti huo uliongozwa na daktari Mkongo, Victor Kande. Mwaka 2018 iliidhinishwa: ni vidonge vya siku 10, na tangu mwongozo wa mwaka 2019 wagonjwa wengi hawahitaji tena kutobolewa mgongo. Mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya dawa nyingine, akoziboroli, iliyojaribiwa Kongo na Guinea, ambayo humezwa mara moja tu.

Mlango wa pili ni mbung'o mwenyewe. Mdudu huyu huvutwa na rangi ya buluu. Vipande vidogo vya kitambaa cha buluu vyenye sumu ya wadudu hutundikwa kando ya mito, naye akigusa hufa. Wanavijiji wenyewe ndio wanaovitundika na kuvilinda.

Hata hivyo, dawa hizi zote zingebaki kabatini kama vikosi visingerudi barabarani. Tangu mwisho wa miaka ya 1990 msaada ulirudi, pamoja na ule wa Ubelgiji, na watu wakapimwa tena kwa mamilioni. Mwaka 2009, kwa mara ya kwanza baada ya miaka 50, wagonjwa wa Afrika nzima walikuwa chini ya 10,000. Mwaka 2018 walishuka chini ya 1,000. Kati yao 660 walikuwa Wakongo. Utaona kwamba sehemu kubwa ya kushuka huko ilitangulia vidonge vipya.

7. Hitimisho

Sasa tunaweza kumjibu mwanafunzi wetu. Malale yapo. Ni machache, hata katika nchi yetu ambayo ndiyo yenye mengi kuliko zote. Maniema na Katanga ya zamani zimo bado katika ramani ya programu ya taifa. Shirika la Afya Duniani limeweka lengo kwamba maambukizo ya aina ya gambiense yakome ifikapo mwaka 2030.

Uchache huo ndio hatari tunayotaka kuitaja. Wagonjwa wakiwa 26,000, hakuna anayebisha juu ya gari na mafuta. Wakiwa mia chache, mfadhili huuliza kwa nini alipe kikosi kizima kinachopima maelfu ya watu na kumpata mmoja. Muuguzi kijana wa zahanati hajawahi kuuona ugonjwa, kwa hiyo hautambui. Mwaka 2016 watafiti walionyesha, kwa kutumia pia sampuli za ngozi zilizohifadhiwa kutoka Kongo, kwamba kijidudu kinaweza kujificha katika ngozi ya mtu ambaye damu yake haionyeshi kitu. Tumekwisha fika mahali hapa mara moja, mwishoni mwa miaka ya 1950, na tunajua kilichofuata.

Hapo zamani kutafuta kulifanywa kwa amri, na leo kunategemea hiari. Mtu anayejiona mzima ataombwa atoe kidole, mwaka huu na mwaka ujao, kwa ajili ya ugonjwa ambao jirani zake hawajauona. Hatakubali bila kuelezwa, na hataelezwa vema isipokuwa kwa lugha yake. Hapa sisi wa idara za lugha tuna kazi. Karatasi ya idhini iliyoandikwa kwa Kifaransa, au kwa Kiswahili sanifu ambacho mama wa Kabambare hakisemi nyumbani, ni karatasi tu. Neno «kimelea» halimwambii kitu. Neno «mdudu» linamwambia, ila humfanya atafute kitu kinachoonekana kwa macho. Neno «kupima» analijua kutoka sokoni, na wazee wake walilijua kutoka kwenye mstari wa tarumbeta. Kukusanya maneno haya jinsi yanavyosemwa, kuyapima na kuyarudisha kwa wauguzi ni utafiti wa isimu kama utafiti mwingine wowote, na haudai maabara.

Jina malale limetuzoeza kungoja usingizi. Historia inatufundisha kutongoja. Mwanafunzi aliyeuliza swali amekwisha chagua mada ya kazi yake ya mwisho wa mwaka: jinsi watu wa kwao wanavyousema ugonjwa huu kabla mgonjwa hajalala.